Ulikwenda na Nini, Umerudi na Nini

Kamati yetu ya hija ina sheria moja ambayo haijawahi kuvunjwa. Nyingine zote tumezivunja, tena bila aibu. Tulikubaliana kikao kianze saa nne, kinaanza saa sita. Tulikubaliana ndugu wa mjumbe asipelekwe, kisha tukampeleka shemeji wa mwenyekiti kwa maelezo kwamba shemeji si ndugu. Lakini ile ya ushuhuda imesimama. Mtu yeyote ambaye kamati imemlipia safari ya kwenda kuhiji Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, akirudi, Jumapili ya tatu anasimama mbele ya waumini baada ya komunyo na kujibu maswali mawili: ulikwenda na nini, umerudi na nini.

Sheria hiyo tuliitunga kwa ajili ya mtu mmoja. Mwaka wa kwanza wa kamati tulimpeleka bwana mmoja wa hapa hapa Ihanda, mcha Mungu ukimtazama. Basi lilipofika Kampala aliomba kushuka ajisaidie, na wenzake hawakumwona tena mpaka siku ya kurudi, alipotokea na magodoro mawili na redio. Alipoulizwa aliomba nini huko, akasema aliomba biashara imnyookee. Katekista wetu, ambaye ni mjumbe wa kamati, alikasirika sana. Ndiye aliyependekeza ushuhuda. Alisema mtu anaweza kuidanganya kamati, lakini hawezi kulidanganya kanisa zima. Mimi ndiye katibu. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari la mihtasari na kuyapigia mstari kwa rula.

Mfuko wenyewe ni wa watu wa kawaida. Wakulima huleta kahawa wakati wa mavuno, wafugaji wa upande wa Kyerwa huleta ndama, na kila mwaka tunapeleka watu wanne ambao kwa nguvu zao wasingevuka hata mpaka wa Mutukula. Wanaotaka kwenda huandika barua. Barua hizo zinakuja kwangu, na kwa kuwa nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, nina ugonjwa wa kuzisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mwenyekiti, nesi mstaafu mwenye mwili na sauti ya kutosha, alinikataza. Alisema mtu anaomba kwenda kumwona Mungu, wewe unamwekea kosa. Siku hizi nasahihisha kwa penseli.

Mke wangu alifariki mwezi wa nane, miaka mitatu iliyopita, kahawa ikiwa juani. Alikuwa amelazwa siku sita. Asubuhi ile nilikuwa nimerudi nyumbani kubadilisha nguo, nikaona kahawa kwenye turubai haijageuzwa, nikachukua reki. Simu ikaita. Alikuwa dada yake. Akasema, "Shemeji, ametutoka." Nikasema, "Sawa." Kisha nikamaliza kugeuza upande uliobaki, kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Rwanda na ilibidi nijue kama nitaianua au nitaiacha. Niliianua. Niliifunika vizuri, nikaweka mawe kwenye pembe za turubai, nikaingia ndani nikavaa shati.

Jambo hilo sikumwambia mtu. Msibani watu walisema Mwalimu amejikaza. Wanawake walikaa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, wakalia kwa zamu na kwa pamoja, na kila aliyenipa mkono aliniambia nijikaze. Sikuwa najikaza. Anayejikaza ana kitu anachokizuia, nami nilijipekua sikuona kitu. Kifua changu kilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, hausemi chochote. Nilingoja ile hali ya kuchomwachomwa inayokuja ganzi inapoachia. Haikuja. Zikapita arobaini, ukapita mwezi wa kumi na mbili, nikawa nafanya kila kitu kwa wakati wake. Nilipalilia kibanja, nilikata majani makavu ya migomba, nilihudhuria vikao. Nilimenya ndizi za watu wawili, nikala za mmoja, nikampa jirani zilizobaki, na wala sikuhuzunika nilipofanya hivyo. Niliona tu kwamba ndizi zimebaki.

Mwenyekiti hakupenda macho yangu. Alisema ameona macho ya namna ile wodini. Kila mwaka mjumbe mmoja huwaongoza mahujaji, na ilipokaribia safari ya mwezi wa sita akasema mbele ya kamati, "Mwaka huu kiongozi ni Mwalimu. Nenda ukatue mzigo."

Nilikwenda. Niliwaongoza watu wanne, nikawahesabu kila tulipopanda na kila tuliposhuka, na hakuna aliyerudi na godoro. Kule kulikuwa na jua kali na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Pale kwenye ziwa dogo watu wanapochota maji ya kubeba nyumbani, wengi walikuwa wakilia. Wanaume wazima walipiga magoti. Mimi niliinama nikanawa uso kwa sababu ya vumbi. Nilipoinuka, mama mmoja wa Kiganda aliyekuwa karibu nami aliniona maji yananitiririka mashavuni, akadhani ninalia. Akanishika bega, akasema maneno ambayo sikuyaelewa, akanipa leso nyeupe yenye pindo la buluu. Nikajifuta. Nilipotaka kumrudishia, alikuwa amekwishapotea kwenye umati. Hayo ndiyo yaliyonipata katika hija, na zaidi ya hayo hakuna.

Jumapili ya tatu nikasimama. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba nilikwenda na shukrani na nimerudi na shukrani, maneno ambayo hayamdhuru mtu. Lakini niliposhika kipaza sauti nikaona benchi la mbele. Kulikuwa na akina mama walionipikia miezi miwili mfululizo, na mwenyekiti ameegemeza kidevu kwenye ngumi, akinitazama kama nesi anayesubiri kuona kama sindano imefanya kazi. Sikuweza kuwaambia kwamba haikufanya. Nikasema:

"Nilikwenda na jiwe kifuani. Pale kwenye maji nililia, nikalia mpaka mama mmoja nisiyemjua akanipa leso. Nimerudi mwepesi."

Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Kwetu mwanamume akilia husema hakulia. Hajawahi kuonekana mwanamume mwenye mvi anayesimama kanisani kudanganya kwamba alilia, kwa hiyo nani angenishuku? Mwenyekiti alijifuta macho. Katekista alinikumbatia. Jioni ililetwa mikungu miwili ya ndizi na jogoo. Nilimfunga jogoo mguu kwenye mti wa kahawa, nikakaa kizingitini nikijaribu kuona aibu, nayo haikuja. Nikaingia kulala.

Mwaka uliofuata barua zilikuja kama kawaida. Wengine waliomba kwenda kuliombea taifa, wengine kuombea mazao na watoto walioko mjini. Kati yao kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, iliyoletwa na mama mmoja jirani yetu kwa niaba ya dada yake aliyeolewa Isingiro, katika familia ya wafugaji. Nilichukua penseli. Barua ilikuwa na mstari mmoja tu: "Naomba kwenda kulia kama Mwalimu."

Haikuwa na kosa hata moja. Niliisoma nikairudisha kwenye bahasha, kisha nikaitoa tena. Jirani akanieleza kwamba siku ya ushuhuda wangu dada yake alikuwa amekuja kumtembelea, akawa kanisani, benchi la nyuma.

Kwa utaratibu wetu, kila mwombaji hutembelewa na wajumbe wawili bila taarifa, kuona anaishije na majirani zake. Tulikwenda mimi na katekista, bodaboda mbili, kupitia Omurushaka mpaka Isingiro, halafu tukaacha barabara tukafuata njia ya ng'ombe kwenye nyasi. Mji wao ulikuwa juu ya kilima, ua wa miti mikavu, mbolea imekauka imara chini ya miguu. Mama mwenyewe alikuwa wa umri wa miaka hamsini na kitu, mrefu, amenyooka. Alinipa shikamoo kwa mikono miwili, akatukaribisha ndani, akatuletea maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Mume wake akamchukua katekista kwenda kumwonyesha ndama anayetaka kuutolea mfuko. Nikabaki naye.

Hakuzunguka. Alisema Kiswahili kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mwalimu, mwanangu wa kwanza alikufa akijifungua. Sasa ni mwezi wa tisa tangu afe. Mtoto akabaki. Mimi sikulia. Siku ile sikulia, na leo sijalia."

"Pole sana, mama."

"Wakwe zangu, watu wa mume wa marehemu, waliona. Wanawake wote wanalia, mama mzazi macho makavu. Wakasema, huyu ni mama gani. Wakasema labda anajua kilichomuua." Alinitazama. "Mtoto yuko kwao. Wananiletea nimwone, lakini hawanipi mkononi. Wanamshika wao. Halafu hawamwangalii mtoto, wananiangalia mimi machoni, waone kama leo kuna kitu. Mimi mwenyewe nangoja kama wao. Hakuna kitu."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha maziwa kwa mikono yote miwili.

"Wewe ulikuwa hivyo, nilikusikia. Ukaenda ukalia. Niambie, Mwalimu, inaanzia wapi? Kifuani au kooni? Nataka nikiiona nijue kwamba ndiyo yenyewe, nisiizuie."

Nimeulizwa maswali mengi na watoto wa darasa la tatu, yakiwemo ambayo hayana jibu, na sikuwahi kumwambia mtoto uongo. Nilisema sijui, au nilisema tutatafuta. Siku ile ningeweza kusema ukweli. Tulikuwa wawili tu, na katekista alikuwa mbali, nasikia anavyomsifia ndama. Nikasema, "Ukifika kwenye maji utajua mwenyewe."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Nilijichukia, lakini kwa mbali, kama kelele za nyumba ya jirani. Nikamaliza maziwa.

Kikao cha uteuzi kilianza saa saba badala ya saa nne. Nafasi tatu zilipita bila ubishi. Ya nne iligombewa na wawili. Kulikuwa na mzee mmoja wa Igurwa ambaye alikuwa anaomba kwa mwaka wa tatu, mtu aliyepona miguu baada ya kulala kitandani muda mrefu, na alitaka tu kwenda kusema asante. Na kulikuwa na huyu mama. Katekista alisema foleni ni foleni. Mweka hazina akasema mama ana shida na mzee hana, shukrani haiozi. Wakavutana mpaka mwenyekiti akapiga meza kwa kiganja.

"Mwalimu ndiye anayejua yale maji yanafanya nini. Tunabishana bure. Mwalimu, yatamsaidia au hayatamsaidia?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na kalamu mkononi na daftari limefunguliwa, na ukurasa wa mwanzoni wa daftari hilo hilo ulikuwa na yale maneno niliyoyapigia mstari kwa rula. Nikasema, "Mama wa Isingiro aende." Kisha nikayaandika, kwa sababu katibu ni mimi.

Kumpelekea mzee wa Igurwa habari niliachiwa mimi pia. Nilimkuta ameketi nje, fimbo mbili zimelazwa pembeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwakani, kama nipo," akaagiza niletewe rubisi. Nilikunywa vikombe viwili vya pombe yake ya ndizi. Alinisindikiza mpaka barabarani kwa miguu yake ile ya kushukuriwa.

Siku ya safari mahujaji walikusanyika kanisani saa moja asubuhi. Nilikwenda kuwaaga. Mfukoni nilikuwa na ile leso, nimeifua na kuipiga pasi mwenyewe. Kazi ya pasi ilikuwa ya mke wangu. Mimi na pasi ya mkaa hatuelewani, na nilikuwa nimeiunguza kidogo kwenye pembe, ikabaki alama ya kahawia yenye ukubwa wa kucha. Nilimwita mama wa Isingiro pembeni nikampa.

"Ndiyo ile?" akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Aliyokupa yule mama, kwenye maji?"

"Ndiyo."

Yote hayo yalikuwa kweli. Ukipanga maneno ya kweli vizuri yanaweza kudanganya kuliko uongo wenyewe, na mimi nilijua kupanga maneno. Aliikunja akaiingiza kifuani, ndani ya nguo, akapanda basi.

Siku tano walizokuwa huko nilifanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu msiba. Niliomba, tena nikawa nakitaka kile ninachokiomba. Nilikuwa na mazoea ya kusali kama mtu anayejaza fomu, lakini siku zile nilisimama katikati ya kibanja, panga mkononi, nikasema, mpe alie. Mimi niache nilivyo. Nilirudia hivyo hivyo, maneno machache, kila nilipokata mkungu au kung'oa magugu. Nilimwogopea. Niliona ajabu kumwogopea mtu, kwa kuwa hata mimi mwenyewe sikuwa najiogopea.

Basi liliporudi nilikuwa nimesimama kituoni. Alishuka wa mwisho, dumu dogo la maji mkononi. Akanipa shikamoo. Nikamuuliza, "Vipi, mama?" Akasema, "Tumefika salama, Mwalimu," akainama kutafuta viatu vyake kwenye mfuko. Mume wake alikuwa amemfuata na pikipiki. Waliondoka bila kusimama sana.

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa. Kutoka Isingiro lilikuja gari dogo zima, na ndani yake alikuwemo mama mzazi wa mume wa binti aliyefariki, mwanamke mfupi, amefunga kilemba cha njano, na mtoto mapajani. Aliketi mstari wa tatu upande wa wanawake. Mtoto alikuwa wa miezi kumi na kitu, mnene, anang'ang'ania kilemba cha bibi yake. Mimi nilikaa upande wa pili, na daftari langu, kwa kuwa katibu huandika hata ushuhuda.

Watatu wa kwanza walisema yao. Mmoja alikwenda na maumivu ya mgongo, amerudi na nafuu. Wa pili alikwenda na deni la nadhiri ya marehemu mama yake, amerudi ametimiza. Wa tatu alitetemeka, akasema amerudi na furaha, akakaa. Kisha akasimama yeye. Alitembea mpaka mbele, akapokea kipaza sauti, akakishika mbali na mdomo mpaka katekista akamsogezea.

"Nilikwenda na jiwe kifuani," alisema.

Mkono wangu ukaendelea kuandika.

"Pale kwenye maji nililia. Nikalia mpaka mama mmoja nisiyemjua akanipa leso." Akaingiza mkono kifuani, akaitoa, akaiinua juu ili wa nyuma nao waone. "Nimerudi mwepesi."

Ilikuwa nyeupe, pindo la buluu. Nilikuwa karibu. Niliiona ile alama ya pasi kwenye pembe.

Sikusikia vigelegele vilipoanza. Nilimwona mama wa kilemba cha njano amesimama. Alipita katikati ya mabenchi, watu wakimpisha, analia kwa sauti na kucheka kwa pamoja, akafika mbele, na mbele ya altare akamtoa mtoto kwake akamweka mikononi mwa bibi yake mwingine. Watu wote walisimama. Mwenyekiti alikuwa anapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Na yule mama mrefu alimpokea mjukuu, akamtazama, akamweka begani, akarudi mahali pake akiwa amenyooka vilevile. Macho yake yalikuwa makavu. Hakuna aliyemwangalia macho siku ile isipokuwa mimi. Wengine wote walikuwa wanamwangalia mtoto.

Nilitazama daftari. Nilikuwa nimeandika ushuhuda wake neno kwa neno, na ulikuwa wangu.

Baada ya misa watu walibaki uwanjani wakisalimiana. Nilikwenda nyuma ya nyumba ya katekista, ambako kuna benchi la mbao ukutani, kwa sababu sikutaka kumpa mtu mkono. Haukupita muda akaja. Alikuwa peke yake na mtoto. Aliketi upande wa pili wa benchi, akatoa leso na kuiweka kati yetu.

"Leso yako, Mwalimu. Haijalowa."

Nikasema, "Hata kwangu haikulowa kwa machozi. Nilikuwa nimenawa uso."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Pale pale kwenye maji. Nilisimama tangu asubuhi mpaka wenzangu wakaja kuniita. Nikanawa uso kwa sababu ya vumbi. Maji yakanishuka hapa na hapa." Alijigusa mashavu. "Nikaitoa leso nikajifuta. Ndipo nikaelewa leso ilivyokufikia." Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa, hasira yake nayo ilikuwa mbali. "Nilikutukana moyoni, Mwalimu. Njia nzima ya kurudi. Halafu tulipokaribia Mutukula nikasema, lakini watu walimwamini. Kama wewe waliamini, na mimi wataamini. Nikayakariri maneno yako yote, nisikosee."

Mtoto alikuwa ameketi mapajani pake, anavuta kifungo cha blauzi yake. Alimshika kiunoni kwa kiganja kimoja kikubwa. Alimshika kwa uzoefu, imara, wala hakumbembeleza.

"Wamekupa," nilisema.

"Wamenipa. Nitakaa naye wiki nzima."

Uwanjani mtu alicheka sana, pikipiki ikawashwa ikaondoka. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Labda ni kwa sababu hakukuwa na cha kuficha tena kwa mtu yule, tulikuwa tumekwishaonana. Nikamwambia, "Siku mke wangu alipofariki, nilipigiwa simu nikiwa nageuza kahawa. Nikaimaliza kwanza. Niligeuza yote, nikaianua, nikaifunika, nikaweka na mawe."

Maneno hayo yalikuwa hayajawahi kutoka. Niliyasikia kwa masikio yangu, sauti ya mzee mmoja anasimulia habari za turubai. Nilingoja anihukumu.

Hakugeuza kichwa. Alikuwa anatazama ukuta wa choo cha mbele yetu.

"Mimi nilikwenda kukamua," alisema. "Walikuja kuniambia jioni, ng'ombe wameshaingia. Nikamwambia aliyeleta habari, kaa hapo, kunywa maziwa. Nikachukua chombo nikaenda. Nilikamua wote. Mmoja ni wa mwanangu mwenyewe, tulimpa akiwa bado ndama, hakuwa anakubali mtu mwingine amkamue, anapiga teke. Siku ile alisimama tu. Nikamkamua mpaka mwisho na hakunipiga teke."

Akaacha hapo. Nikamwona yule ng'ombe. Nikaliona na turubai langu, pembe zake nne na mawe yake manne, na mke wangu aliyenifundisha kuweka mawe yale mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kwa sababu mimi nilikuwa mtoto wa mwalimu na sikujua kahawa. Alikuwa amenicheka siku ile. Alinishika mkono akanionyesha: jiwe huliweki juu ya ukingo, unaukunja ukingo kwanza.

Kitu kilinichoma. Nilidhani ni vumbi, nikavuta pumzi, kikachoma tena, mahali ambapo kwa karibu miaka miwili nilikuwa sipangojei.

Mtoto alikuwa amelivamia benchi. Ameikamata leso kwa pembe yenye alama ya pasi, ameitia mdomoni, anaitafuna kwa ufizi na meno yake mawili, na udenda umeanza kumshuka kidevuni.

"Mama," nilisema.

Akanigeukia, akaniangalia machoni, kama wale wakwe zake walivyokuwa wakimwangalia yeye.

"Inaanzia puani."

Aliendelea kunitazama bila kupepesa. Kisha akaichomoa leso taratibu kinywani mwa mjukuu wake, akanipa. Ilikuwa imelowa.